Mikro ikae karibu na kinywa: historia fupi kwa wanaorekodi filamu ndani ya nyumba

Vijana wengi hapa Kivu sasa wanatengeneza filamu fupi kwa simu au kamera ndogo. Wanaingia darasani, kanisani au katika chumba cha familia ya mapokezi, wanamkalisha mama kwenye kiti na kumwomba aeleze jinsi alivyokimbia kijiji chake. Picha inatoka safi. Kinachoharibika ni sauti: mwangwi wa kuta, mvua juu ya mabati, jenereta ya jirani. Mama amesema jambo zito mara moja, na huenda hatakuwa na nguvu ya kulirudia. Kwa hiyo anayeuliza "ninunue mikro gani?" anauliza pia kama maneno ya mama huyo yatasikika. Historia ya chombo hiki inatusaidia kumjibu, tena bila pesa nyingi.

Mwaka 1878, huko London, David Edward Hughes alionyesha kwamba vipande vya kaboni vinavyogusana kwa ulegevu vinaweza kupokea sauti na kuigeuza kuwa mabadiliko ya umeme. Mikro ya kaboni ikaingia kwenye simu na kudumu humo karibu miaka 100. Haikuwa na sauti nzuri, lakini watu walielewana kwa sababu kila mmoja aliiweka mdomoni.

Mwaka 1916, Mmarekani E. C. Wente alitengeneza mikro ya kondensa, yenye utando mwembamba unaotikisika mbele ya bamba lenye chaji ya umeme. Hii ilisikia vizuri sana, na hapo likaanza tatizo jingine: ilisikia kila kitu. Filamu za sauti zilipovuma baada ya The Jazz Singer ya mwaka 1927, studio za Hollywood zilikuta kamera zinanguruma na kuta zinarudisha sauti. Wakaifungia kamera ndani ya kibanda, wakatundika mapazia mazito, wakaificha mikro kwenye maua ya mezani. Waigizaji wakawa hawawezi kusogea, maana aliyeondoka karibu na maua hakusikika. Mwaka 1929, mwongozaji Dorothy Arzner, akitengeneza The Wild Party, aliagiza mikro itundikwe kwenye ufito wa kuvulia samaki ili imfuate mwigizaji Clara Bow. Studio tajiri ilisaidiwa na ufito.

Baada ya hapo wahandisi walijaribu kuifundisha mikro kuchagua. Mwaka 1931 kampuni ya RCA ilitoa mikro ya utepe, iliyosikia mbele na nyuma lakini si ubavuni. Mwaka 1939 kampuni ya Shure ilitoa Unidyne, kazi ya Benjamin Bauer, iliyosikia zaidi upande wa mbele. Hiyo ilikuwa mikro ya dainamiki, yaani ya sumaku na koili ya waya. Aina hii haihitaji betri, inavumilia vumbi na kuanguka, na ndiyo maana waandishi wa redio wengi wanatembea nayo mpaka leo.

Hata hapa Kongo tuna mfano wetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, akapokea gitaa lake na nyimbo zake za Kiswahili. Tracey alizoea kushika mikro mkononi na kuisogeza mwenyewe kwenye sauti aliyoitaka. Rekodi hizo zilimfikisha Bosco mbali kuliko barabara yoyote ya Katanga.

Miaka minane baadaye, mjini Paris, Jean Rouch na Edgar Morin walitengeneza filamu ya Chronique d'un été. Ndani yake Marceline Loridan, aliyenusurika kambi ya Auschwitz-Birkenau, anatembea peke yake akizungumza na baba yake ambaye hakurudi. Alibeba kinasa sauti cha Nagra, na mikro ndogo ilikuwa mwilini mwake. Kamera ilikuwa mbali, kwa hiyo aliweza kusema polepole, kama anayejisemea. Pale ilikuwa nje barabarani, lakini somo linafaa zaidi ndani ya chumba: aliyeumia hatakiwi kupiga kelele ili asikike.

Mikro ndogo za namna hiyo zilikuja kuwa rahisi baada ya Gerhard Sessler na James West kuvumbua mikro ya elektreti katika maabara ya Bell mwaka 1962. Leo mikro ya kubana kwenye nguo ni ya aina hiyo mara nyingi.

Basi, mwenye pesa kidogo afanye nini? Kwanza, asikimbilie mikro ndefu ya bomba anayoiona kwenye filamu kubwa. Inafaa nje, katika chumba kidogo chenye kuta tupu, mwangwi unaingia nayo na sauti inakuwa kama ya ndani ya pipa. Kondensa ya studio nayo inasikia chumba chote, na kwa kawaida inadai umeme wa volti 48. Afadhali mikro ya kubana kwenye nguo, shubiri moja chini ya kidevu, au dainamiki ya kushika, karibu na mdomo, mgongo wake ukielekea kwenye kelele. Ukipunguza umbali kwa nusu, nguvu ya sauti inayoingia inaongezeka kama mara 4, na kelele ya chumba inabaki ilivyokuwa.

Asiye na mikro atumie simu ya pili: airekodishe sauti ikiwa kifuani mwa msemaji, apige kofi moja mbele ya kamera ili baadaye alinganishe sauti na picha. Atundike mablanketi, asimamishe godoro ukutani, azime jenereta. Avae visikilizi kabla ya swali la kwanza. Mvua ikipiga mabati, angoje. Hakuna mikro inayoishinda.

Jambo la mwisho. Wahami wengi wa vita hawataki uso wao uonekane, na wana haki. Hapo sauti ndiyo filamu nzima. Lakini sauti nayo inamtambulisha mtu, kwa hiyo aombwe ruhusa kabla mikro haijawashwa, asilazimishwe kutaja jina wala mtaa anakolala, na asikilize alichosema kabla hakijatoka. Mikro ikisogea karibu na kinywa, mwenye kuishika anabeba pia dhamana ya mwenye kinywa hicho.