Maji ya kupoozea wakati wa kunoa: yafike pale jiwe linapogusa chuma

Msimu wa kupogoa kahawa ukifika, mapanga na mikasi kutoka Machame, Kibosho na Marangu hupelekwa kwa mafundi wenye jiwe la umeme. Vifaa vingine hurudi viking'aa, lakini baada ya siku chache vinakuwa butu tena. Mara nyingi kilichoviharibu ni joto.

Joto linaharibu vipi?

Jiwe linaposugua chuma, sehemu kubwa ya nguvu yake hugeuka kuwa joto. Makali yakiwa na rangi ya bluu, ujue joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu wake umepungua. Kuifuta rangi hiyo hakurudishi ugumu.

Kwa nini kumwagia maji tu hakutoshi?

Jiwe lenye kipenyo cha milimita 200, likizunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu kilomita 107 kwa saa. Kasi hiyo huburuta upepo unaosukuma maji pembeni. Kwa hiyo mashine za kiwandani hutumia pampu na bomba lenye mdomo mwembamba, uliowekwa karibu na kuelekezwa pale jiwe linapokutana na chuma. Maji yakitoka kwa kasi inayokaribia ya jiwe, hupenya upepo huo. Huchanganywa na mafuta maalumu ili kupunguza msuguano na kutu.

Fundi asiye na pampu afanye nini?

- Aweke ndoo ya maji karibu. Agusishe chuma kidogo, atoe, achovye, kabla rangi haijabadilika.
- Chuma kilichopata moto sana asikitumbukize ghafla. Makali yanaweza kupata nyufa.
- Asimwagie maji mashine isiyotengenezwa kwa kazi hiyo. Shoti ya umeme inaua, na jiwe lililonywa maji upande mmoja huyumba na linaweza kupasuka.
- Asafishe jiwe lililoziba, kwa sababu huongeza joto.
- Avae miwani ya kukinga macho.

Nawe msikilizaji, kagua makali kabla ya kulipa. Ukiona bluu, mwombe fundi aendelee kunoa polepole, akichovya, mpaka sehemu iliyoungua iishe yote.