Mchimbaji Asiye na Sururu

Kule Tabaka, Kaunti ya Kisii, neno kuchimba halina fumbo. Sururu na mtaimbo hushuka shimoni, jiwe la sabuni hupanda, wachongaji hulikata kwa panga na patasi, kisha akina mama hulisugua kwa msasa na maji hadi ling'ae. Mwambie mzee wa huko kwamba mjukuu wake anachimba bitcoin chumbani, naye atauliza udongo unatupwa wapi.

Swali halali. Istilahi "uchimbaji wa sarafu za kidijitali" ilifuata neno la kigeni hatua kwa hatua, na wala hakuna kinachochimbwa. Kompyuta hushindana kubahatisha nambari. Takriban kila baada ya dakika 10, moja hushinda, ikafunga fungu la miamala na kupata zawadi, ambayo tangu Aprili 2024 ni bitcoin 3.125. Mgodi uliingia kwenye jina kwa kulinganishwa na dhahabu isiyoongezeka ardhini: bitcoin nazo zina kikomo, milioni 21.

Kwa mwanahisabati, tamathali hiyo inatosha. Mlipa ushuru inampoteza. Inamfanya aamini ameokota mali iliyokuwa imelala tu, ilhali amelipwa kwa kazi ya mashine zake. Marekani ilikata shauri mapema: tangu 2014 mamlaka yake ya kodi huihesabu sarafu iliyochimbwa kuwa mapato, kwa thamani ya siku ilipopokelewa.

Kenya ilipitia njia nyingine. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta ushuru wa mali ya kidijitali, asilimia 3 ya thamani yote ya mali inayohamishwa au kubadilishwa, kuanzia Septemba mwaka huo. Kitanzi kilikuwa kwenye neno "yote". Umeme, intaneti, mashine iliyoungua: hakuna kilichoondolewa kwanza. Ni sawa na kumtoza mtu wa Tabaka kwa bei ya kinyago cha kiboko bila kuuliza aliwalipa vibarua pesa ngapi, lori lilidai nini, na mawe mangapi yalipasuka kabla ya kumfikia mchongaji.

Ushuru huo ulifutwa Julai 2025. Mahali pake, watoa huduma za mali hizo hutozwa asilimia 10 ya ada wanazowatoza wateja.

Mchimbaji mwenyewe amebaki na Sheria ya Ushuru wa Mapato, ambayo hutazama faida. Kifungu cha 15 kinaruhusu kukata gharama zilizotumika kikamilifu na pekee katika kuzalisha mapato. "Pekee" nalo lina meno: bili ya stima iliyowasha pia televisheni na pasi ya nyumbani haiingii nzima nzima. Kompyuta nazo hazikatwi kwa mkupuo. Bei yake hupunguzwa kwa asilimia 25 kwa mwaka.

Stima, kwa kweli, ndiyo shimo lenyewe la biashara hii. Ndiyo maana kampuni ya Kenya ya Gridless, iliyoanzishwa 2022, huweka mashine zake karibu na mitambo midogo ya umeme wa maji, na Hifadhi ya Virunga huko Kongo huchimba kwa umeme wa mto.

Neno "uchimbaji" lisalie kwa watu wa kompyuta. Kwenye ritani, mchimbaji aandike mapato ya biashara na gharama zake. iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya, hupokea ritani za mwaka uliotangulia hadi Juni 30, na sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.