Mali bila daftari: Tanzania na Kenya, 1977 hadi 1984

Wanafunzi wangu huniuliza ilikuwaje Tanzania na Kenya, nchi zinazogawana Kiswahili, Wamasai, Wakuria na Wadigo, zikafungiana mlango kwa zaidi ya miaka sita. Jibu lililozoeleka ni ujamaa dhidi ya ubepari. Jibu hilo halitoshi. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na bado tarehe 6 Juni mwaka huohuo marais watatu walitia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Kampala. Itikadi zilikwisha kutengana pale nyumba ilipokuwa ikijengwa.

Hoja yangu ni kwamba nyumba ile ilibomolewa na hesabu. Reli na ndege zilikuwa na makao Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta Kampala. Taratibu kila nchi ikaanza kuzuia fedha zilizopaswa kupelekwa makao makuu. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, hivyo Mamlaka ya marais watatu, iliyopaswa kuamua migogoro hiyo, haikukutana tena. Januari 1977 Kenya ikaunda shirika lake la ndege. Tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka, na magari ya watalii yaliyokutwa upande wetu yakazuiliwa.

Huku kwetu Mwanhuzi, katika mkoa unaopakana na Serengeti, tunaweza kuiona gharama yake kwa mfano mmoja. Nyumbu waliendelea kuvuka kwenda Maasai Mara na kurudi kila mwaka. Mtalii aliyetoka Nairobi hakuweza tena kuwafuata kupitia Bologonja. Mnyama alikuwa huru kuliko raia wa Jumuiya.

Kilichofungua mlango hakikuwa hotuba za undugu peke yake. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alitumia miaka kadhaa kuorodhesha mali na madeni: mabehewa, meli, majengo, mikopo. Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Tarehe 14 Mei 1984 wakatia saini mgawanyo: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Uganda, iliyobaki na mali pungufu ya fungu lake, ikaahidiwa fidia na wenzake wawili. Juu ya msingi huo Jumuiya mpya iliweza kuasisiwa tarehe 30 Novemba 1999.

Somo hili lingali hai. Mwaka 2017 serikali yetu ilipiga mnada ng'ombe wapatao 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka mpaka. Mfugaji wa Meatu hahitaji kufafanuliwa uchungu huo. Januari 2024 nchi hizi zilizozana tena kuhusu vibali vya ndege, lakini safari hii jambo lilimalizwa ndani ya siku chache, kwa kuwa viongozi walikuwa wakizungumza na makubaliano ya kurejea yalikuwapo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtumishi wa umma anayeandika vizuri kifungu cha malisho, ushuru au vibali anaulinda undugu wetu kuliko msemaji hodari wa jukwaani.