Mstari wa mwaka 1890 na mabomu ya Saanane

Mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya kivita ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kuipiga Mwanza. Shabaha yake ilikuwa matangi ya mafuta ya mjini. Iliyakosa. Makombora yakaangukia Saanane, kisiwa cha mawe kilicho jirani na Capri Point, ambacho tangu mwaka 1964 kilikuwa bustani ndogo ya wanyama. Swala kadhaa wakafa.

Libya na Mwanza, wapi na wapi? Jibu ni refu, na linaanzia kwenye meza ya Wazungu.

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika Mashariki. Katika Ziwa Victoria walichora mstari kufuata latitudo ya digrii 1 kusini ya ikweta, kutoka pwani ya mashariki hadi ng'ambo ya magharibi na kuendelea nchi kavu. Wakati huo ziwa lilikuwa na siasa zake. Kabaka wa Buganda alikuwa na mitumbwi ya vita iliyoogopwa visiwani, Ukerewe ilikuwa na watemi wake, Karagwe na Kiziba zilikuwa na wafalme wao. Hakuna aliyeulizwa. Ziwa lililokuwa njia ya biashara, ya vita na ya kuoana likakatwa kwa rula.

Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza kutoka kwa Wajerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia pande zote mbili za mstari zikawa chini ya mtawala mmoja. Mpaka ukabaki kwenye ramani tu. Ulirudi kuwa na maana Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na Uganda mwaka 1962.

Hapa msomaji afungue ramani. Upande wa magharibi wa ziwa, Mto Kagera haufuati ule mstari. Unashuka kusini yake, unapita Kyaka, kisha unapinda kwenda kaskazini na kumwaga maji ziwani upande wa Uganda. Kati ya mto na latitudo kuna kipande cha ardhi ya Tanzania cha kilomita za mraba zipatazo 1,800, chenye vijiji, malisho na mashamba ya miwa. Mto unaonekana kwa macho, latitudo haionekani. Kwa mtawala anayetafuta kisingizio, hiyo ilitosha.

Mtawala huyo alikuwa Idi Amin wa Uganda. Alimpindua Milton Obote Januari 1971, na Mwalimu Nyerere akampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kujaribu kurudi madarakani, wakashindwa vibaya. Ndege za Amin zikapiga Bukoba na Mwanza, na raia wakafa. Watu wengi wanapoizungumzia vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 husahau kwamba Mwanza ilikwisha kuonja mabomu miaka sita kabla. Mwezi uliofuata serikali mbili zilikubaliana Mogadishu kusitisha uhasama. Mapigano yalisimama, chuki ikabaki palepale.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliingia Kagera hadi daraja la Kyaka. Raia waliuawa, wanawake walibakwa, kiwanda cha sukari kiliporwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kwenda ng'ambo. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo lote hilo sasa ni la Uganda na mpaka ni mto. Kesho yake Nyerere aliliambia taifa kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga vyote vipo.

Kudai kwamba mpaka ni mto si jambo geni duniani. Marekani ilipokuwa jamhuri changa, Rais James Polk alipeleka askari mwaka 1846 kwenye ardhi iliyokuwa na mgogoro, kati ya mto Nueces na mto Rio Grande. Yeye alisema mpaka na Mexico ni Rio Grande, Mexico ikasema ni Nueces. Vita ilipokwisha, kwa mkataba wa Februari 1848, Mexico ilikuwa imepoteza karibu nusu ya nchi yake, ikiwemo California. Hoja ya mto iliyoanza na ukanda mwembamba wa mpakani ikaishia kumeza nchi hadi Bahari ya Pasifiki.

Tanzania nayo ilikuwa jamhuri changa mwaka 1978. Tena Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka mmoja tu kabla, na jeshi letu lilikuwa dogo. Ndani ya miezi michache likakua kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 100,000, wengi wakiwa mgambo, polisi na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Malori ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kubeba watu na mizigo. Katika hesabu hiyo ya usafiri Mwanza ilikuwa na uzito wa pekee. Reli kutoka Dar es Salaam kupitia Tabora inaishia hapa, na kutoka hapa kwenda Bukoba ni ama meli, ama barabara ndefu ya kuzunguka ziwa. Ndiyo maana matangi yake ya mafuta yalistahili ndege ya Libya: Muammar Gaddafi alikuwa ameamua kumwokoa Amin, na askari wake walikwishapigana huko Lukaya, ndani ya Uganda, mwezi huohuo wa Machi wakashindwa. Siku chache baada ya Saanane kupigwa, ndege za Tanzania zilijibu kwa kushambulia maghala ya mafuta nchini Uganda.

Mutukula ilikuwa imetekwa Januari, Masaka Februari. Entebbe ikaanguka tarehe 7 Aprili na Kampala tarehe 11, chini ya Meja Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama. Wapo waliolalamika kwamba kuvuka mpaka na kuiondoa serikali ya nchi nyingine kulivunja kanuni za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mkutano wa Monrovia wa Julai 1979 ulikuwa mkali kwa Tanzania. Lalamiko hilo lina uzito. Lakini ni Nyerere huyohuyo aliyelisimamia azimio la Cairo la mwaka 1964, lililotaka kila nchi iheshimu mipaka iliyorithi, hata iwe ya hovyo namna gani. Jeshi lake lilipofika Kampala na ushindi ukiwa mkononi, hakusogeza mpaka hata hatua moja. Polk aliusogeza wa kwake. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko lote katika vita hii, nalo halisemwi vya kutosha.

Gharama ilikuwa kubwa mno. Inakadiriwa kuwa vita ilikula dola za Marekani milioni 500, na ile miezi 18 ya kufunga mikanda ambayo Mwalimu aliomba ikageuka miaka ya foleni za sabuni, sukari na khanga. Baadhi ya askari wetu walibaki Uganda hadi mwaka 1981.

Majenerali wameandikwa. Mgambo aliyepanda meli Mwanza akiwa na miaka 20 leo amepita 65, na wengi wenzake wametangulia. Kama ana nyumba Kirumba, Igoma, Sengerema au Nansio, na wewe ni mjukuu wake, washa simu yako umrekodi akisimulia. Fanya hivyo mwaka huu.