Kutoka Hongo hadi Tajinisi: Ukazi na Uraia katika Njia ya Misafara ya Unyamwezi

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haukuulizwa hati. Ulitakiwa kutoa hongo. Neno hili, ambalo leo lina maana ya rushwa, lilikuwa wakati huo jina la ushuru halali uliotozwa na watemi. Hongo ilimpa mgeni ruhusa ya kupita, wala haikumpa ukazi. Ukazi ulipatikana kwa kukaa, kulima, kuoa na kusema lugha ya mahali. Ndivyo Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walivyogeuka kuwa watu wa Tabora.

Desturi hiyo ilikabiliwa na mtihani mpya mwaka 1972, Wahutu wengi walipokimbia mauaji nchini Burundi. Serikali ya Tanzania iliwapa makazi Ulyankulu, mkoani Tabora, na pia Katumba na Mishamo, ambayo sasa yamo katika Mkoa wa Katavi. Walifyeka misitu, wakauza mazao, wakazaa watoto waliosomeshwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, wazazi na watoto walihesabiwa kuwa wakimbizi, na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji wa uraia wa tajinisi awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka isiyopungua 7 katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo. Aidha, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, akusudie kuendelea kuishi nchini, na aukane uraia wake wa awali. Neno tajinisi lina asili ya Kiarabu, na shina lake ni lile la jinsi: kumfanya mtu awe wa jinsi moja na wenyeji. Kwa maana hiyo, huko Ulyankulu lugha ilikwisha kuifanya kazi ya tajinisi kabla ya sheria. Kilichokosekana ni karatasi.

Karatasi hiyo ilichelewa. Wakimbizi wa mwaka 1972 walipotakiwa kuchagua kati ya kurejea na kubaki, takriban asilimia 80 walichagua kubaki. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia, lakini vyeti vilizuiwa, kwa kuwa walitakiwa kwanza kuhamia mikoa mingine. Hivyo mtu aliyekwisha kuukana uraia wa Burundi alikaa miaka minne bila cheti cha Tanzania mkononi. Sharti la kuhama lilipoachwa, ugawaji wa vyeti ulianza Oktoba 2014.

Historia hii inadhihirisha kuwa ujuzi wa lugha, ingawa umeandikwa katika sheria miongoni mwa masharti, hautoshi kumthibitisha mtu. Zamani jirani ndiye aliyekuwa shahidi wa ukazi. Leo shahidi ni cheti. Pale cheti kinapokawia, anayekisema Kiswahili tangu kuzaliwa huweza kubaki mgeni katika nchi pekee anayoijua.