Puerto Rico: Vimbunga viwili, miezi 11 ya giza

Baadhi ya wakazi wa milimani katika kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani katika bahari ya Karibi, walikaa takriban miezi 11 bila umeme baada ya vimbunga viwili kukipiga kisiwa hicho mwaka 2017.

Kimbunga Irma kilipita karibu na kisiwa hicho Septemba 6 na kuwaacha gizani zaidi ya watu milioni moja. Mafundi walikuwa bado kazini pale kimbunga Maria kilipotua Septemba 20, kikiwa na upepo wa kasi ya kilomita 250 kwa saa. Gridi nzima ilizimika.

Pigo kubwa liliangukia nguzo, minara na nyaya kuliko mitambo ya kuzalisha umeme. Mitambo mikubwa mingi iko pwani ya kusini, ilhali watumiaji wengi wako kaskazini, hasa jijini San Juan, hivyo njia kuu hukatisha milima ambako sehemu nyingine hufikika kwa helikopta tu.

Kwa kawaida mafundi huanza na mitambo, njia kuu na vituo vya kupooza umeme, kisha hospitali na pampu za maji; njia ndogo za majumbani huja mwisho. Kwa hesabu ni sahihi, maana laini moja kuu huwasha maelfu ya nyumba. Lakini wanaobaki mwisho wa mstari ni wale wale wa vijijini, wakiwamo wagonjwa wanaotegemea mashine za kupumulia.

Shirika la umeme la kisiwa, PREPA, lilikuwa limeomba kinga ya mufilisi Julai 2017, likiwa na deni la takriban Dola bilioni 9. Badala ya kuomba mapema msaada wa mashirika ya bara, lilitoa mkataba wa Dola milioni 300 kwa Whitefish Energy, kampuni iliyokuwa na waajiriwa wawili tu wa kudumu kimbunga kilipopiga. Mkataba huo ulivunjwa baada ya kelele nyingi, na umeme ukatangazwa kurejea kwa wote Agosti 2018.

Januari 2020 tetemeko la kipimo cha 6.4 liliharibu mtambo mkubwa wa Costa Sur. Septemba 2022 kimbunga Fiona, cha daraja la kwanza tu, kilikizima tena kisiwa chote.