Eptifibatidi: upimaji wake maabara

Eptifibatidi ni dawa ya kudungwa mshipani inayozuia chembe sahani za damu zisishikamane. Muundo wake ulitokana na barburini, protini iliyomo katika sumu ya nyoka mdogo wa kusini-mashariki mwa Marekani, nayo ilitengenezwa na kampuni ya COR Therapeutics ya California. Dawa hii hukalia kipokezi kiitwacho GP IIb/IIIa kwenye ngozi ya chembe sahani. Kikishakaliwa, fibrinojeni, protini inayoziunganisha chembe hizo, hukosa pa kushika. Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 1998, lakini kipimo sahihi cha dawa kilipatikana baada ya kosa la maabara ambalo kila anayepima dawa mpya ya aina hii anapaswa kulijua.

Njia ya kupimia ni ile aliyoieleza Gustav Born, London, mwaka 1962. Damu huzungushwa polepole katika mashine hadi chembe nyekundu zitue chini, na plazma yenye chembe sahani ibaki juu ikiwa na ukungu. Plazma hiyo hukorogwa kwa joto la nyuzi 37 huku mwanga ukipitishwa ndani yake. Ikitiwa ADP, kemikali inayoziamsha chembe sahani, chembe hushikamana, ukungu hupungua na mwanga hupenya zaidi. Dawa ikiweza kuzizuia, ukungu hubaki. Tatizo ni kwamba damu iliyotolewa mwilini huganda, kwa hiyo hutiwa sitrati, ile iliyomo katika vichupa vya kifuniko cha buluu. Sitrati hunasa kalsiamu, na GP IIb/IIIa huhitaji kalsiamu ili kushika fibrinojeni sawasawa. Katika plazma iliyopungukiwa hivyo, dawa huonekana kali kuliko ilivyo ndani ya mgonjwa, ambaye kalsiamu yake haijaguswa.

Kipimo kilichotegemea sitrati ndicho kilichoingia katika jaribio la IMPACT-II, lililotangazwa mwaka 1997 likiwa na wagonjwa 4,010 waliozibuliwa ateri za moyo: mikrogramu 135 kwa kilo, kisha dripu ya 0.5 au 0.75 kwa dakika. Vifo, mshtuko wa moyo na matibabu ya dharura vilifikia asilimia 11.4 kwa waliopewa plasebo, na 9.2 na 9.9 kwa waliopewa dawa, tofauti isiyotosha kitakwimu. Upimaji uliporudiwa kwa PPACK, inayozuia thrombini bila kugusa kalsiamu, ikadhihirika kuwa dozi ile ilikuwa ndogo mno. ESPRIT, jaribio la mwaka 2000, lilitumia sindano mbili za mikrogramu 180 kwa kilo na dripu ya 2.0. Kati ya wagonjwa 2,064, madhara ndani ya saa 48 yalishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 6.6.

Yupo atakayesema majaribio hayo mawili hayalingani, kwa kuwa wagonjwa wa ESPRIT waliwekewa stenti, vijibomba vya kuiacha ateri wazi. Ni kweli, na ndiyo maana ushahidi mzito zaidi si tofauti ya asilimia hizo bali damu yenyewe: sampuli za mtu mmoja, dawa ileile, zilitoa majibu mawili kwa sababu ya kizuia-mgando tu. Hapo stenti haimo. Mwingine atasema mwamuzi ni mgonjwa, si kichupa. Lakini jaribio la wagonjwa huamua juu ya dozi iliyoletwa mbele yake, na dozi hiyo huchaguliwa maabara.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa dawa za kumeza za kundi hilohilo, zikiwemo ksemilofibani na orbofibani: zilizuia chembe sahani zisishikamane, na bado majaribio yake yalipojumlishwa vifo vilionekana kuongezeka. Kichupa hakina ukuta wa ateri wala mkondo wa damu, hivyo kuzuia mshikamano ndani yake hakutoshi kuthibitisha faida. Kinyume chake pia hutokea. Klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani, ikitiwa moja kwa moja katika plazma haizuii kitu, kwa sababu ini ndilo linaloigeuza kuwa dawa. Ili kuipima ni lazima mtu aimeze kwanza, kisha damu yake itolewe.